KIBARAZA CHA MWALIMU: Biti za Kubadili kwa Haraka, na Kasha la Mama

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba kibaraza hiki kingeendelea na habari ya watoto wetu waandikao "nime kuja" kwa maneno mawili. Ahadi hiyo hatujaisahau. Tunaomba tu mtuwie radhi tuiahirishe, kwa kuwa katika muda wa wiki tatu wasomaji watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wametuuliza jambo moja. Wa kwanza ni mama wa watoto wanne anayekaa karibu na Barabara ya Anas ibn Malik. Wa pili ni kijana aliyetufuata baada ya sala ya Ijumaa. Wa tatu ni jirani wa jengo letu hapa Al-Malqa, aliyebisha hodi saa tatu za usiku akiwa na kijisanduku cha vyuma mkononi, akasema: "Shikamoo, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Hizi biti za kuchomeka na kuchomoa, nichukue zipi?"

Sababu ya swali twaijua. Miezi hii ndiyo ya kuhama. Shule zimefungwa, mikataba ya nyumba inamalizika, na aghalabu ukitazama dirishani utaona lori limesimama chini na godoro limeegemezwa ukutani. Samani za wageni katika mji huu zimezoea safari kuliko wenyewe. Tangu Julai 2017, ilipoanza kutozwa ada ya riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi mgeni, ikawa yapanda kila mwaka hata ikafika riyali 400 mwaka 2020, jamaa wengi walirudisha watu wao nyumbani, na vitanda vyao wakawaachia majirani. Kitanda alicholalia mtoto wa Kikenya wakati ule, leo hulaliwa na mtoto wa Kiganda, na hapo katikati kimekwisha kupita nyumba mbili tatu. Kila mara hufunguliwa kwa haraka na kufungwa kwa haraka zaidi. Tundu za skrubu zikapanuka, mifumbati ikalegea katika vitakizo, na usiku mmoja mzazi husikia kitanda cha ghorofa kikilia juu ya kichwa cha mtoto wa chini. Asubuhi yake mzazi huyo yuko dukani anatafuta mashine ya kutobolea.

Lakini kwa nini aulizwe mwalimu wa sarufi habari za kutoboa mbao? Twashuku mkasa wa kasha umewafikia. Basi na tuusimulie wenyewe kabla haujaongezwa chumvi.

Kasha lenyewe ni la njumu, la mti wa msaji, lenye saraka tatu upande wa chini. Mama yetu alilipata alipoolewa, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1950, na sote tulizaliwa tukalikuta chini ya dirisha la chumba chake. Mwanetu alipoolewa na kuja huku, mama alisema kasha liende naye, na neno la mama halikujadiliwa. Lilisafiri kwa meli hadi Jeddah, likakaa huko miaka sita. Hewa ya Jeddah ni hewa ya bahari. Kasha halikujua kwamba limehama. Kisha mkwe wetu akahamishiwa Riyadh, nasi tukaja kukaa nao baada ya kustaafu. Hapa hewa ni kavu kama tanuri iliyozimwa. Katika mwaka wa kwanza ubao wa kifuniko ulisinyaa, na skrubu za bawaba moja zikawa zacheza katika tundu zake.

Tulifundisha miaka 34, na mtu aliyefundisha muda huo hudhani kwamba hakuna kisichofundishika. Tulikwenda katika duka la vitu rahisi, tukanunua kijisanduku cha vipande 100 vya kubadili kwa haraka, vyote vya rangi ya dhahabu, kwa bei ambayo ingetosha kutushtua. Tuliazima mashine ya mkwe wetu. Tulivuta pete, tukachomeka, tukaachia, ikalia tak! Tulifurahi kama mtoto. Ncha ilipogusa msaji iliteleza, ikachora mstari mweupe juu ya mbao iliyong'arishwa kwa miaka zaidi ya 60, na ilipoingia ilikuwa ikiyumba, hata tundu likawa pana kuliko skrubu. Kwa tundu la pili tulifanya kosa kubwa zaidi. Tuliona skrubu mpya zina ncha kali, tukasema hizi zitajitobolea zenyewe, tukaisukuma moja moja kwa moja karibu na ukingo wa ubao. Mti ulitoa sauti kama ya kuni kavu inayovunjwa gotini. Ufa ulikwenda shibiri moja na vidole viwili.

Mwanetu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Alikwenda jikoni, tukasikia bomba la maji likifunguliwa.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja wa Lamu, anayefunga makabati ya jikoni hapa mjini, mjukuu wa waunda majahazi wa Matondoni. Alikuja Ijumaa alasiri, akaamkia, akanywa chai, akatazama ufa bila kutikisa kichwa, jambo tulilomshukuru kwalo. Kisha akaomba aone biti tulizotumia. Aliilaza moja juu ya meza ya kioo, mwili wake juu ya kioo na mkia ukining'inia nje ya ukingo, akaizungusha taratibu kwa kidole. Mkia ulikwenda juu na chini kama kichwa cha mtu anayesinzia. "Mwalimu," akasema, "hii haitoboi. Hii inacheza ngoma."

Mengi tunayoyaandika hapa chini ni yake. Yaliyobaki tuliyasoma baadaye kwa hofu ya kurudia kosa.

Tuanze na majina, maana ndiyo kazi yetu. Katika Kiswahili cha maseremala wetu, chombo cha kutobolea ni kekee: mti mwembamba wenye ncha ya chuma, unaozungushwa kwa uta uliofungwa kamba, mkono mmoja ukivuta uta na mwingine ukigandamiza kishikio cha juu. Mashine ya umeme mafundi huiita drili, na ile ncha inayobadilishwa huiita biti. Tutawafuata. Mkienda dukani hapa, neno litakalowafaa ni risha, yaani unyoya, ndivyo Waarabu wa huku waitavyo biti. Muuzaji akiwa Mmisri atasema bunta. Nani aliyeona unyoya katika kipande cha chuma, hatujui, lakini ukiitazama ile mifereji inayojisokota utakubali kwamba hakukosea sana.

Biti ya kawaida ina mkia wa mviringo. Hutiwa katika kinywa cha mashine chenye taya tatu, na taya hukazwa, ama kwa mkono ama kwa ufunguo wa namna ile ambayo Mmarekani Arthur Irving Jacobs aliipatia hataza mwaka 1902. Biti ya kubadili kwa haraka ina mkia wa pembe sita, wenye upana wa robo inchi, yaani milimita 6.35, na karibu na mwisho wa mkia kuna mfereji mwembamba uliouzunguka. Mashine, au kishikizo kinachotiwa katika mashine, huwa na pete. Ukiivuta na kuchomeka mkia, kisha ukaiachia, gololi ndogo iliyo ndani huingia katika ule mfereji na kuushika. Hapana ufunguo wala kukaza.

Faida yake ni ya kweli, wala hatupendi kuwa miongoni mwa wazee wanaobeza kila kipya. Skrubu moja iliyofungwa kwa haki hutaka biti tatu: ya kutoboa njia, ya kupanua mdomo wa tundu ili kichwa cha skrubu kizame, na ya kukazia skrubu yenyewe. Kitanda cha ghorofa kina skrubu 30 au 40. Mtu anayefungua na kukaza taya tatu mara 100 huchoka, na akichoka huanza kuruka hatua. Na hatua ya kwanza kurukwa ni tundu. Kwa hiyo wepesi wa kubadili humsaidia mtu awe mwangalifu, kama akiutumia hivyo. Tena mkia wa pembe sita hauzunguki ndani ya taya zilizolegea, na huingia katika aina zote mbili za mashine, ya pete na ya taya tatu, ilhali mkia wa mviringo hauingii katika mashine ya pete.

Hasara yake nayo ni ya kweli, na sanduku la biti halitakuambia. Ili mkia uingie na kutoka kwa wepesi, sharti tundu la pembe sita liwe pana kidogo kuliko mkia wenyewe. Ile nafasi ndogo, ambayo jicho halioni, hukua kuelekea kwenye ncha, na biti ikiwa ndefu hukua zaidi. Kwa skrubu za kitanda haidhuru. Kwa bawaba ya kasha, au kwa tundu la kigingi ambalo halina budi kukutana na tundu jingine upande wa pili, hudhuru sana. Fundi wetu ana mashine mbili: fupi ya pete kwa kukazia skrubu, na nyingine ya taya tatu kwa kazi ya kutoboa inayotaka unyofu. Asiye na mbili, na achague ya taya tatu, anunue biti za pembe sita, na kishikizo cha pete atie pale anapohitaji haraka.

Chanzo cha pili cha kuyumba ndicho kilichotuponza sisi. Biti nzuri huchongwa kutoka katika chuma kimoja, mkia na mwili, au huunganishwa kwa usahihi. Iliyo rahisi ni biti ya mviringo iliyoshindiliwa katika kipande cha pembe sita; ikishindiliwa upande, imekwisha. Kwa hiyo jaribio la meza ya kioo ni jambo la kwanza, na hata dukani waweza kulifanya juu ya kioo cha kaunta. Muuzaji akikasirika, mwachie biti zake. Jaribio jingine ni kushika mkia kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine na kujaribu kuzitenganisha kwa kuzisokota. Tuliyojaribu kwetu ilizunguka.

Rangi ya dhahabu isiwatie tamaa. Ni utando mwembamba mno, na katika biti bora hupunguza msuguano na kurefusha maisha ya ncha. Lakini rangi hupakwa hata juu ya chuma dhaifu, na hapo haina kazi ila kupendeza. Kwa mbao, tazameni herufi HSS zilizogongwa mkiani. Hizo ni alama ya chuma cha pua kisichopoteza ukali kinapopata moto wa msuguano. Biti nyeusi isiyo na utando wowote, iliyo kali na iliyonyooka, itamshinda mdhahabu mia kwa moja.

Sasa ncha, na hapa tunaomba msomaji akae kitako, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Katika sanduku la vipande 100 utakuta ncha za ukutani, za chuma na za mbao zimechanganywa kama wali na maharage. Ile ya ukutani utaijua kwa kibamba kidogo kilichounganishwa nchani, kipana kuliko mwili, kisicho na makali. Hiyo hupondaponda zege, na ukiitia katika mbao huzirarua. Ile ya chuma ina ncha kama paa la nyumba. Yaweza kutoboa mbao, lakini kwenye uso mgumu na laini kama msaji au mvule hutanga kabla ya kuingia, na mstari wake mweupe tunao mpaka leo. Ya mbao ina mwiba mmoja mkali katikati, na pembeni ina vijembe viwili. Mwiba hukaa pale ulipouweka, usiondoke. Vijembe hukata nyuzi za mti kwa duara kabla ya mwili kuingia, na mdomo wa tundu hutoka safi. Mkinunua biti kwa ajili ya mbao, nunueni hizi.

Kwa tundu pana kuna biti bapa kama jembe dogo, nzuri kwa kupitishia waya mahali pasipoonekana, na kuna ile iliyovumbuliwa na Benjamin Forstner wa Oregon, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1874. Hii ya pili ina ukingo wa duara unaokata tundu lenye sakafu tambarare. Ndiyo inayochimba kile kikombe cha milimita 35 ambamo bawaba za makabati ya jikoni hukaa. Kikombe kina kina cha milimita 12 au 13, na ubao wa kabati aghalabu una unene wa milimita 16 au 18. Basi pimeni kabla, maana mwiba wa katikati ukipenya upande wa pili, mlango wenu utakuwa na jicho. Na kwa kuwa biti hii ni nzito na pana, ni afadhali ifungwe katika taya tatu kuliko katika pete.

Kijana wetu wa Ijumaa aliuliza ni vipande vingapi vya kutosha. Kwa nyumba ya kawaida: milimita 2, 2.5, 3, 4 na 5, kila moja ya mwiba, na ya milimita 8 kwa vigingi. Ongeza moja ya kupanulia mdomo wa tundu, na vikazio vya skrubu viwili vitatu vinavyolingana kabisa na vichwa vya skrubu zako. Hivyo ni vipande kumi. Vingine 90 ni vya kujaza sanduku.

Na mashine fupi inayogonga inapozunguka, ambayo vijana wanaipenda kwa kelele zake, msiitie biti nyembamba chini ya milimita 3. Mapigo yake yamekusudiwa kukaza skrubu. Biti nyembamba hukatika, na kipande hubaki ndani ya mti mahali ulipotaka skrubu ipite.

Tumefika kwenye tundu lenyewe. Fundi wetu alitusimulia kwamba babu yake hakupiga msumari mmoja katika jahazi bila kekee kutangulia. Ubao wa jahazi ni mgumu na umepindwa kwa nguvu. Msumari usiotanguliwa na tundu huupasua, na ufa wa ubao wa chombo hauonekani siku unapotokea, huonekana baharini. Mitepe ya kale haikuwa na msumari hata mmoja, mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, lakini hata huko ushonaji ulianza kwa kekee: tundu baada ya tundu kandokando ya kila ubao, zinazotazamana sawasawa, kisha kamba ikapita na tundu zikazibwa. Mwaka 2003 mtepe mmoja ulijengwa upya Zanzibar, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, na aliyepata kuuona hakuhitaji kuambiwa idadi ya matobo ya kazi ile.

Kipimo cha tundu ni hiki. Inua skrubu mbele ya taa, uweke biti mbele yake. Biti ifunike mwili wa skrubu, na meno ya skrubu yaonekane pande zote mbili. Kwa skrubu ya milimita 4 utakuta ni biti ya 2.5 kwa mti laini kama msonobari, na ya 3 kwa mti mgumu kama mninga, mvule au mbambakofi. Ukiunganisha mbao mbili, ule wa juu uutoboe kwa upana kamili wa skrubu, yaani 4, ili skrubu ipite bila kushika, na meno yashike katika ule wa chini tu. Usipofanya hivyo mbao mbili zitabaki na mwanya kati yao hata ukaze mpaka mkono uume, na hapo watu hulaumu skrubu. Bandika kipande cha utepe juu ya biti kuonyesha kina unachotaka. Weka kipande cha ubao mbovu chini, ili upande wa kutokea usitoe vibanzi. Chomoa biti mara kwa mara, unga utoke. Moshi ukitoka, ama biti imekuwa butu ama mashine inazunguka kinyume. Tumeyashuhudia yote mawili. Na anayetoboa mvule na afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake huwasha kifua.

Mama wa watoto wanne tulimwahidi jibu la kitanda chake. Kitanda hicho ni cha chipbodi, kama vilivyo vingi, nayo ni vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi; tundu likishapanuka humo, skrubu nene zaidi haitalitengeneza, italipasua. Pitisha biti ya milimita 8 katika tundu lililoharibika, kwa kina cha kigingi na bila kutokea upande wa pili. Safisha unga. Paka gundi ya mbao, ushindilie kigingi cha mti cha milimita 8, kile kinachouzwa kwa mifuko, ukikate sawa na uso wa ubao. Acha mpaka kesho. Kisha toboa tundu jipya katikati ya kigingi, la milimita 2.5 au 3 kufuatana na skrubu, ukaze kwa mkono mwishoni. Tulilifanya hilo kwa mifumbati minne ya kitanda chake, tukampandisha mkubwa wa watoto ghorofani, naye akaruka bila kuombwa. Kitanda hakikulia. Kuhusu kukifunga kitanda ukutani tulimshauri aite fundi, kwa kuwa ukuta wa nyumba ya kupanga una mwenyewe.

Mnaotaka kupeleka vifaa nyumbani, angalieni mambo mawili. Nyumba nyingi za hapa zina soketi za volti 127 pamoja na za 220, kwani uamuzi wa kuhamia volti 230 ulipitishwa mwaka 2010 na unatekelezwa hatua kwa hatua. Mashine au chaja iliyoandikwa volti 110 au 127 pekee, ukiichomeka Tanga au Mombasa, utanusa kabla ya kuona. Someni kibandiko: kikisema 100 hadi 240, na 50/60, hakuna taabu. La pili ni la uwanja wa ndege. Drili na biti hukaa katika mzigo unaokabidhiwa, lakini betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi humo. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, nayo iko chini ya kikomo cha 100 kinachokubaliwa bila kuomba ruhusa.

Turudi kwenye kasha. Fundi aliufungua ufa kwa kabari nyembamba, kiasi cha ukucha, akapenyeza gundi kwa uzi, akaubana kwa jiriwa mbili, akatuambia tusiguse kwa siku mbili. Aliporudi, alitoboa kwa biti ya mwiba ya milimita 3 iliyofungwa katika taya tatu, mashine ikienda polepole hata tukaweza kuhesabu mizunguko. Kwanza alikaza skrubu za chuma, akazitoa zote, ndipo akatia za shaba katika njia zile zile, kwa bisibisi ya mkono, baada ya kuzipaka nta. Shaba ni laini, alisema. Ukiitaka ijichimbie njia katika msaji itakatika shingo. Tulimuuliza malipo. Alisema apewe lile sanduku letu la dhahabu. Tulishangaa, tukamwuliza la nini. "Nina wanafunzi wawili, Mwalimu. Nataka waizungushe juu ya kioo waone."

Mama yetu, aliyekwisha kupita miaka 80, hupiga simu ya picha kila Idi, na kila Idi huomba aonyeshwe kasha. Mwaka jana mwanetu aliligeuza simu upande wa saraka, akamwonyesha njumu, akazisifu. Mwaka huu mama alitaka kifuniko kifunguliwe. Kilifunguliwa. Alikaa kimya kidogo, nasi tulijua macho yake hayakosi mstari wa gundi hata katika kioo cha simu. Kisha akauliza ni nani aliyelitengeneza. Tulimwambia: mtu wa Lamu. Akauliza ni nani aliyelivunja.

Mwanetu alitutazama, akampa bibi yake jibu ambalo halikuwa la kweli, kwamba ni hewa ya Riyadh. Simu ilipokatwa tuliipiga tena wenyewe.

Habari ya "nime kuja" itasomwa mwezi ujao, inshallah. Wenye mifano zaidi kutoka katika madaftari ya watoto wao na watuletee kabla ya tarehe 20.